Shusheni pikapu, lakini msichome springi

NJIA PANDA
Na Rashidi Makwaya

Pikapu kuukuu ikipita mtaani imeshushwa hadi bodi imemeza tairi, maneno hayakosekani. Wazee watasema kijana kaharibu gari la kazi. Trafiki atamwona mhuni kabla hajamwona dereva. Vijana wenzake watatoa simu wapige picha. Leo niko upande wa vijana, kwa sharti moja: watuambie wameishusha kwa njia gani.

Hoja ya wazee ina uzito. Toyota Hilux ya miaka ya themanini au tisini ilinunuliwa ibebe saruji, mkaa na magunia ya viazi, na barabara zetu zinajulikana. Lakini gari lililofanya kazi miaka thelathini, mwenyewe ana haki ya kulistaafisha na kulipamba atakavyo. Kiufundi pia, kushusha kwenyewe si kosa. Uzito ukikaa chini, gari halilali sana kwenye kona wala halipinduki kirahisi. Na aliyewahi kunyanyua mfuko wa saruji kuupandisha kwenye pikapu hatalalamika bodi ikisogea chini kidogo.

Ubaya unaanzia gereji. Njia ya mkato ni moto wa gesi: fundi anaichoma springi mpaka inakuwa nyekundu, inalegea, gari linakaa chini. Kazi ya dakika chache, bei ya chee. Lakini chuma cha springi kilipata unyumbufu wake kiwandani, kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo. Moto wa gereji unaufuta unyumbufu huo. Springi ya namna hiyo itaendelea kulegea yenyewe, au itakatika ukiwa safarini. Mkato wa pili ni kuchomoa baadhi ya majani ya springi za nyuma. Pikapu inashuka, nguvu ya kubeba inapungua, halafu siku ikipatikana tenda ya kokoto mwenyewe anapakia vilevile.

Njia safi ipo. Kwenye Hilux nyingi za zamani zinazosukumwa na tairi za nyuma tu, ekseli ya nyuma hukaa juu ya springi. Fundi anaweka kipande cha chuma kigumu kati ya viwili hivyo, anabana kwa boliti ndefu za U, na gari linashuka kwa unene wa kipande hicho huku springi ikibaki na majani yake yote. Mbele, kazi ya springi inafanywa na vyuma virefu vinavyojisokota. Ukilegeza boliti zake, pua inashuka bila kununua kifaa chochote. Urahisi huo ndio mtego. Tairi za mbele zinabadili mkao na kuanza kulika upande mmoja, kwa hiyo alaimenti ni lazima. Shokapu za zamani zinakuwa ndefu mno, zibadilishwe. Na ekseli ikisogea karibu na chasisi, isipobaki nafasi ya kutosha, kila tuta litakuwa pigo la chuma kwa chuma.

Kipo kingine ambacho ni rahisi kusahaulika, nacho kinaweza kuua. Pikapu nyingi za aina hii zina vali ya breki iliyoungwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti cha chuma. Mzigo ukizidi, chasisi inaikaribia ekseli, na vali inaziongezea nguvu breki za nyuma. Ukishusha gari bila kukirekebisha kijiti hicho, vali inadhani bodi imejaa wakati ni tupu. Siku ya mvua dereva akikanyaga breki kwa nguvu, tairi za nyuma zinafunga mapema na gari linageuka ubavu.

Mwenye mamlaka akisoma haya anaweza kutamani marufuku. Jimbo la California, Marekani, lilishapita huko. Kifungu cha sheria yake cha 1958 kilikataza gari lililofanyiwa marekebisho hadi sehemu yake yoyote ikawa chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre, mwenye gari wa huko, akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake: trafiki akitokea, gari linapanda, akipita, linashuka. Marufuku ikazaa ufundi wa kuikwepa, na ufundi huo ukawa fahari ya vijana wa Kimarekani wenye asili ya Mexico. Oktoba 2023 gavana Gavin Newsom alisaini muswada wa kukifuta kifungu hicho, na kikakoma tarehe 1 Januari 2024. Kwa zaidi ya miaka sitini kifungu kile kilipima kimo, bila kuuliza gari limeshushwa vipi.

Wakaguzi wetu waanze na swali hilo. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika, wainame chini ya pikapu watazame: springi ina alama ya moto? Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linagusa bodi? Taa zimeelekezwa upya baada ya pua kushuka? Kijiti cha vali ya breki kimerekebishwa? Gari likifaulu, lipewe stika hata kama linalamba lami. Likishindwa, litoke barabarani, liwe limeshushwa au halijaguswa.

Na kijana ambaye leo ana hela ya gesi tu, aiache Hilux yake ilivyo. Mwezi huu anunue vipande vya chuma, mwezi ujao shokapu, wa tatu alipie alaimenti. Atachelewa kupigwa picha, basi.