Tundu la ozoni: Tusihukumu miaka kwa vipimo vya wiki moja

Mkulima wa Runyenjes, Embu, akikosa mvua kwa wiki mbili mwezi Novemba hasemi kwamba Mlima Kenya umekauka. Anajua fika kuwa wiki mbili si majira. Busara hiyo hukosekana kila habari za tundu la ozoni zinapochipuka.

Ozoni ni gesi iliyo juu angani ambayo hutukinga dhidi ya miali hatari ya jua. Kemikali zenye klorini na bromini zilizotoka viwandani na mashambani huiangamiza, hasa juu ya Antaktika kati ya Septemba na Novemba.

Hata hivyo, si kila upungufu ni uharibifu. Yapo nyakati ambapo mgandamizo mkubwa wa hewa hujikita karibu na ncha ya dunia kwa siku kadhaa. Hewa ya chini huinuka, ikalisukuma juu tabaka lenye ozoni na kulitawanya pembeni, huku hewa yenye ozoni haba ikiingia kutoka upande wa tropiki. Vipimo hushuka ghafla, kisha hurejea hali ya hewa inapobadilika. Gesi hiyo haikuangamizwa, imehamishwa tu.

Hata tundu la kila mwaka hutawaliwa na hali ya hewa. Mwaka 2019 joto la ghafla katika anga ya juu ya Antaktika lililifanya kuwa dogo mno. Mwaka uliofuata baridi ilidumu, nalo likawa miongoni mwa makubwa na yaliyokawia kuzibika. Aliyeshangilia 2019 na aliyeomboleza 2020 wote walikosea.

Haya hayako mbali nasi. Ozoni nyingi huzalishwa juu ya tropiki, ikiwemo anga ya ikweta inayokatiza Meru, kisha mikondo ya juu huisafirisha hadi kwenye ncha za dunia.

Aidha, Kenya ina deni na stahiki katika suala hili. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kutumia methili bromidi, dawa ya kufukiza udongo wa mashamba ya maua na mboga, kufikia 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Wakulima walioacha dawa hiyo wana haki ya kujua iwapo kujinyima kwao kumezaa matunda.

Jibu halitapatikana katika wiki moja, bali katika kumbukumbu ndefu zisizokatika. Kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa 1999 kwenye mteremko wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, hupima ozoni ya karibu na ardhi, na vipimo vyake vimewahi kukatizwa na matatizo ya umeme. Jijini Nairobi, puto hupeleka vipima ozoni hadi anga ya juu.

Kuvitunza vituo hivi si anasa. Mwenye kumbukumbu za miaka mingi ndiye pekee awezaye kutenganisha upepo unaopita na jeraha linalopona.