Magoti Yakilia, Tusiyakimbie Mazoezi



Liko jambo linalowaponza wenzetu wengi hapa Nchelenge na kule visiwani Kilwa na Chisenga. Mtu mgongo wamsumbua, au goti, naye huambiwa na mganga wa zahanati afanye mazoezi nyumbani kila siku. Siku ya kwanza achuchumaa na kusimama, goti lalia: ko! ko! Siku ya pili mapaja yauma hata kuondoka kitandani ni taabu. Siku ya tatu ameacha, na jirani amekwisha kumwambia kwamba mafuta ya magoti yamekauka. Tangu hapo ni vidonge vya maumivu mwezi baada ya mwezi, na mzigo anaoubeba kazini ni ule ule.

Mimi nasema mlio peke yake si ugonjwa. Ndani ya kiungo mna ute unaolainisha mifupa, na ndani ya ute huo mna hewa iliyoyeyuka, kama ilivyo katika chupa ya soda. Kiungo kikivutwa, nafasi hutanuka na hewa hiyo hujitenga. Ndipo mlio unaposikika. Mwaka 2015 wataalamu wa Kanada walitazama vidole vikivutwa ndani ya mashine ya kupiga picha za mwili, wakaiona nafasi hiyo ikitokea pale pale mlio unapolia. Kiungo kilicholia namna hii hakilii tena mpaka zipite dakika 20 hivi. Goti likilia kila unapolikunja, basi mara nyingi ni kano inayoruka juu ya mfupa, na hilo nalo bila maumivu halina neno.

Yuko daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, ambaye mama yake na shangazi zake walimtisha utotoni kwamba kualisha vidole kutamletea baridi yabisi. Basi kwa miaka 50 akaalisha vya mkono wa kushoto tu, angalau mara mbili kila siku, wa kulia akauacha. Mwaka 1998 akatangaza kwamba mikono yote miwili haina baridi yabisi. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, lakini ni subira ya ajabu!

Maumivu ya mapaja nayo yana kawaida yake. Msuli usiozoea kazi fulani huanza kuuma saa nyingi baadaye, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hutulia. Wavuvi wetu wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Marufuku ya uvuvi huanza Desemba na kwisha Februari, na wiki ya kwanza ya Machi hakuna mvuta nyavu asiyelalamika mabega. Hakuna pia anayeacha ziwa kwa sababu hiyo. Aanzaye mazoezi na aanze kwa kidogo: kukaa kitini na kusimama mara tano, si hamsini. Akizoea aongeze. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo.

Lakini goti likivimba, likiwa la moto, likikwama au likilegea ghafula, au maumivu yakikuamsha usiku, hayo si ya kusubiri, nenda hospitali. Tena ukiona miguu imekufa ganzi au haja ndogo haizuiliki pamoja na maumivu ya mgongo, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa wapo watakaouliza: sisi tunabeba na kuinama kutwa, mazoezi ya nini tena? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba kazi hutumia mwili upande mmoja. Mchuma chai wa Kawambwa huinama mbele maelfu ya mara. Hakuna msimamizi anayemwambia ajinyooshe nyuma. Na dada zetu wakitoka zamu wanangojwa na maji, kuni na watoto. Kuwaambia wapate nusu saa ya mazoezi nyumbani ni maneno ya mtu mwenye mtumishi.

Kwa hiyo mimi sikubali mazoezi yawe shauri la mfanyakazi na saa zake mwenyewe tu. Huko Ujapani redio ilianza kutangaza mazoezi mwaka 1928, na viwanda vingi huko huyafanya mwanzoni mwa zamu, mabosi na vibarua pamoja. Dakika kumi za namna hiyo, ndani ya saa zinazolipwa, si sadaka ya kuombwa. Wala mwajiri asizitumie kama kisingizio cha kuongeza mizigo. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe pungufu sana ya hapo. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 umekwisha kuukaribia mpaka huo, nasi twaona mtu akitwishwa miwili.

Kwenye mkutano ujao wa tawi, kamati na iweke mambo haya mawili katika ajenda: dakika kumi na uzito wa mizigo. Na kila mwanachama aliyeumia kazini alete tarehe, mahali na jina la shahidi, yameandikwa kwenye daftari. Madai ya fidia chini ya sheria ya mwaka 1999 huwa magumu sana kuyatetea mtu akija na maumivu peke yake bila tarehe.