Simu na Upweke wa Wahamiaji wa Msomera

Mtu akihamishwa, huhesabiwa mali yake. Huhesabiwa ng'ombe na mbuzi, vyumba vya nyumba na ekari za shamba. Lakini liko jambo moja lisiloandikwa daftarini, nalo ni watu aliokuwa akiamkiana nao kila asubuhi. Leo twataka kulisema jambo hilo, maana lawagusa wenzetu wa Kata ya Misima, wilayani Handeni, na lamgusa pia kila mfanyakazi aishiye mbali na kwao.

Tangu mwezi Juni 2022 familia nyingi kutoka Ngorongoro zimehamia kijiji cha Msomera, kilichomo katika kata hiyo. Serikali ilizijengea nyumba za vyumba vitatu na kuzigawia mashamba. Wako waliousifu uhamisho huo, na wako waliounung'unikia, wakiwamo baadhi ya wenyeji waliokuwapo Msomera kabla ya wageni kufika. Madai hayo yana mahali pake, na yastahili kusikilizwa kwa haki. Neno letu leo ni juu ya upweke.

Fikirini, ndugu wasomaji, hali ya mzee wa Kimasai. Mambo yake makubwa, tangu jando hata mazishi, huyatenda pamoja na watu wa rika lake. Rika likigawanyika, baadhi wakabaki Ngorongoro na baadhi wakawa Handeni, mamia ya kilomita kutoka hapo, mzee huyo ana nyumba lakini hana baraza. Wala hili si geni kwa watu wake. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, na wengi wakaenda kukaa Ngorongoro. Zama zile habari ya msiba ilitembea kwa miguu. Leo mzee aweza kuisikia sauti ya mwenzake papo hapo, na asiyejua kusoma aweza kutuma ujumbe wa sauti kwa lugha yake mwenyewe.

Nguvu ya chombo hiki tuliiona mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia. Shule zetu zilifungwa mwezi Machi, na za msingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Kwa jirani zetu wa Kenya, Nairobi ilizuiwa mwezi Aprili, watu wasitoke wala wasiingie. Walikuwako waliofiwa wasiweze kwenda kuzika, wakayatazama mazishi katika simu na kulia na ndugu zao kwa simu. Faraja hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa faraja.

Tusidhani kwamba upweke ni deko la watu wenye nafasi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kuwa mtu 1 katika kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Jambo linaloua si la kufanyiwa mzaha.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, watu wanapohamishiwa mahali papya, mawasiliano yahesabiwe pamoja na maji, shule na zahanati. Simu isiyopata mtandao, isiyo na umeme wa kuichaji wala fedha ya vocha, haimfai mwenyewe kitu. Pili, vijana wawafundishe wazee. Kijana mwenye simu kubwa atumiaye jioni nzima kutazama vichekesho, na babake ameketi kimya kando yake, hajaitumia simu hiyo ipasavyo. Robo saa yatosha kumwunganisha mzee na rafiki yake aliyebaki Ngorongoro, wakaulizana habari za mvua, mifugo na wajukuu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, simu isitumike kuwa kisingizio. Huyaleta karibu yaliyo mbali, lakini yaweza pia kuyapeleka mbali yaliyo karibu. Mhamiaji akizungumza na Ngorongoro mchana kutwa, asimjue jirani yake Mzigua, atabaki mgeni Msomera hata afe. Na Mzigua asiyebisha hodi kwa jirani mpya, kwa sababu ya ugomvi wa shamba, naye amejipunguzia jamaa. Simu haitamchotea mgonjwa maji, wala haitabeba jeneza. Wazee wetu walijua kuwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.

Viongozi wa mashina, wa vijiji na wa vyama vya wafanyakazi wanajua ni nani katika eneo lao anayekaa peke yake: mjane, mzee, mgeni, mfanyakazi aliyehamishwa. Wamfikie. Atakayekuwa na simu ampigie leo, na kesho aende kwake kwa miguu.