Hawakujiunga: Juu ya Kitenzi Kimoja na Lawama Zake



Hivi karibuni, katika kusahihisha mtihani wa majaribio, tulikutana na swali la kujaza nafasi lisemalo hivi: "Mtoto huyo ali........ na kikosi cha waasi akiwa na umri wa miaka 11." Mwanafunzi mmoja alijaza "alichukuliwa". Akapewa sifuri. Karatasi ya majibu ilikubali jibu moja tu, nalo ni "alijiunga". Tulipouliza sababu, tuliambiwa kwamba "jiunga na" ndiyo matumizi sanifu, na kwamba mwanafunzi hakulielewa swali.

Sisi twasema kwamba mwanafunzi alilielewa swali kuliko aliyelitunga. Sarufi yake haina kasoro hata moja. Katika "alichukuliwa na kikosi", hiyo "na" yamtaja mtenda: kikosi ndicho kilichotenda. Katika "alijiunga na kikosi", "na" hiyo hiyo yataja kile tu ambacho mtu ameambatana nacho, na mtenda ni mtoto. Badili kitenzi kimoja, na lawama yote yahama kutoka kwa wenye bunduki ikamwangukia mtoto. Jambo hili si dogo, wala halifai kupitwa kana kwamba ni kosa la kalamu.

Tuanze na mzizi wenyewe. Kuunga ni kukifanya kitu kishikamane na kingine: seremala huunga mbao, na mganga wa mifupa huunga mguu uliovunjika. Kutokana na mzizi huo twapata ungana, unganisha na jiunga. Wengi huvitumia vitenzi hivi kana kwamba ni ndugu pacha wanaovaa kanzu moja, lakini kila kimoja kina kazi yake. Wanaoungana ni wawili au zaidi, nao hukutana kwa pamoja, kila mmoja akimwendea mwenzake. Anayejiunga ni mmoja aingiaye kwa hiari yake katika kitu kilichokwisha kuwapo. Na wanaounganishwa, wameunganishwa na mwingine, wapende wasipende.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi za jirani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na kutokana na muungano huo likazaliwa taifa jipya. Mwaka 2007 Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa imekwisha kuundwa na wengine. Lakini mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji, kwa sheria iliyopitishwa Ubelgiji. Je, yuko mwalimu wa historia atakayethubutu kuandika ubaoni kwamba mwaka 1925 Ruanda-Urundi "ilijiunga" na Kongo? Hayuko. Basi kama twaihifadhi heshima ya nchi kwa kuchagua kitenzi, kwa nini tusiihifadhi heshima ya mtoto?

Huenda mtu akasema kwamba wanafunzi wetu hawawezi kubeba tofauti nyembamba namna hii. La hasha! Wanaibeba kila siku. Mzazi ampelekapo mwanawe wa miaka 6 shuleni, twasema amemwandikisha darasa la kwanza. Hatusemi kwamba mtoto amejiandikisha, kwa kuwa twajua fika kwamba aliyeshika mkono ni mzazi na aliyeshika kalamu ni mwalimu. Miaka mitano baadaye mtoto huyo huyo anatolewa kitandani usiku na watu wenye silaha, na asubuhi yake mtangazaji anasema "amejiunga" nao. Shuleni, ambako alipelekwa kwa heri yake, tulimnyima kitenzi cha hiari. Msituni, ambako alipelekwa kwa shari, tunamzawadia.

Lugha yetu haikuanza leo kulijua jambo hili. Wazee walikuwa na kitenzi kuandika kwa maana ya kumtia mtu katika orodha ya kazi: msafara uliandika wapagazi, na serikali iliandika askari. Kitenzi hicho hakikuficha kwamba yuko mtu mwenye daftari na yuko mwingine ambaye jina lake linaandikwa. Hata neno kuruta, ambalo asili yake ni Kiingereza, lamtaja mtu aliyekwisha kuingizwa katika mafunzo, wala halisemi kwamba aliyataka. Na atembeaye Dar es Salaam akafika Kariakoo, amesimama juu ya jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Wengi wa wapagazi wale walishikwa kwa nguvu vijijini mwao, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi na njaa. Anayeandika kwamba watu hao "walijiunga na vita" huwazika mara ya pili.

Tuje sasa katika zama zetu. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, ikamtia hatiani Thomas Lubanga kwa mambo yaliyotendeka Ituri, mashariki ya Kongo, katika miaka ya 2002 na 2003. Makosa yenyewe yalihusu watoto wa chini ya umri wa miaka 15: kuwaandikisha, kuwaingiza jeshini kwa lazima, na kuwatumia vitani. Tazameni vitenzi hivyo. Katika vyote vitatu mtenda ni mkubwa, na mtoto ni mtendwa. Mahakama ilieleza pia kwamba hata mtoto akiitikia "ndiyo", itiko lake halimwondolei mkubwa hatia. Basi kwa mtoto wa umri huo kitenzi jiunga hakina mahali pa kukaa, hata pale inapodaiwa kwamba alikwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Hapa ndipo wapinzani wetu huleta hoja yao iliyo nzito zaidi. Husema kwamba wako vijana waliokwenda msituni wenyewe, kwa njaa au kwa kisasi, na kwamba wako waliotekwa wakiwa watoto kisha wakateka wengine. Ni kweli. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na waasi wa Joseph Kony akiwa mtoto, na mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikamtia hatiani kwa mengi, yakiwamo kuwaingiza watoto wengine vitani. Lakini mfano huu wautetea upande wetu. Maisha yake yahitaji vitenzi viwili: alitekwa, kisha akateka. Ukisema tu kwamba "alijiunga", umeufuta utoto wake. Ukisema tu kwamba "alitekwa", umewafuta wale aliowatesa. Lugha iliyo na viambishi vingi kama yetu haina udhuru wa kusema nusu ya habari.

Wengine hutuambia kwamba sisi ni walimu wa lugha wala si mahakimu. Ni sawa. Lakini kutaja mtenda na mtendwa ni kazi ya sarufi, na sarufi ni kazi yetu. Sisi ndio tunaosomesha kauli ya kutendwa, kutendesha na kujitenda. Kama darasani twaifundisha kwa mifano ya ugali uliopikwa na mlango uliofungwa, kisha tukifika kwenye damu za watu tukaisahau, basi tumefundisha nini?

Kwa hiyo twapendekeza hivi kwa wenzetu wote. Mtu mzima aliyeingia chamani, chuoni au jeshini kwa hiari yake, na tusema amejiunga. Aliyepewa kazi kwa ujira, ameajiriwa. Aliyeliandika jina lake mwenyewe, amejiandikisha. Aliyeandikwa na mwingine, ameandikishwa. Aliyeshikwa njiani au nyumbani, ametekwa. Na pale ambapo mwandishi hana hakika jinsi mtoto alivyofika huko, aseme ameingizwa, kwani mtoto hajiingizi vitani bila ya mkubwa kumfungulia mlango.

Wazee walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Katika madarasa yetu, Bunia, Goma, Gulu na kwingineko, huenda wamo waliorudi kutoka huko, wakiwa wamekaa kimya nyuma ya madawati. Husoma vitabu vyetu, na hujaza nafasi tulizowaachia. Hatujui kama mwanafunzi wetu ni mmoja wao, wala si kazi yetu kumuuliza. Twajua tu kwamba alipewa nafasi tupu akaijaza kwa neno la kweli, na kwamba hadi tuandikapo makala haya sifuri yake haijafutwa. Twaomba ifutwe.