Ujira Utajwe Kabla ya Kazi



Siku hizi vijana wengi, wanaume kwa wanawake, hawana tajiri mmoja wanayemtumikia. Huyu hushona nyumbani kwao, yule hupiga picha za arusi, mwengine hufasiri maandishi au hutengeneza matangazo kwa kompyuta. Leo hupokea kazi kwa fulani na kesho kwa mwengine. Kazi hizi ni halali na zina heshima. Lakini nyingi katika hizo huanzwa kwa neno moja tu: "Wewe fanya, hatutashindwana." Kazi ikesha, ndipo watu wanaposhindwana. Aliyefanya alikadiria moyoni mwake shilingi laki mbili. Aliyefanyiwa alikadiria elfu hamsini. Kila mmoja humwona mwenziwe dhalimu, na hali hapana hata mmoja wao aliyesema uwongo.

Mara nyingi sababu yake ni haya. Kijana huona kumtajia fedha ami yake, au rafiki wa baba yake, ni utovu wa adabu. Haya ni jambo jema, na dini yetu yaisifu. Lakini haya inayoficha haki leo ili izae ugomvi kesho haikuhifadhi udugu, bali imeuvunja.

Tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan mkimbizi, hana mali wala jamaa. Mzee wa huko alitaka kumwoza binti yake, yaani kumfanya mkwe; wala hakumwambia, "Kaa tu, tutaangaliana." Alimtajia muda wazi: atumike miaka 8, na akitimiza 10 itakuwa ni hisani yake mwenyewe. Naye Musa akayakubali masharti hayo, akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa ni shahidi. Ikiwa mkwe na mkwewe walipatana hivi, nani leo ataona ni aibu kupatana na ami yake?

Na wanavyuoni wetu wamelieleza jambo hili kwa ukali kuliko wengi wanavyodhani. Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaj cha madhehebu ya Shafi, ametaja mtu aliyempa fundi nguo amshonee, na fundi akashona, wala ujira haukutajwa. Kauli yenye nguvu ni kuwa fundi huyo hana ujira! Ziko kauli nyengine, na moja katika hizo yasema kuwa atapata ikiwa anajulikana kwa kufanya kazi hiyo kwa malipo. Ama akiambiwa, "Nitakuridhisha," waliokisherehi kitabu hicho wamesema kuwa atastahiki ujira wa mfano, yaani kiasi wanacholipwa watu kwa kazi kama ile. Lakini nani atakayekipima kiasi hicho, na wawili hao wamekwisha kasirikiana?

Tena wamekataza kumwajiri mchinjaji achune mnyama na ujira wake uwe ngozi ile ile, au msagaji kwa sehemu ya unga atakaousaga. Vijana wanaoambiwa, "Fanya kwanza, tutakulipa katika kitakachopatikana," na walizingatie hilo. Ujira usiojulikana si ujira.

Sasa, kwa nini kuandika? Kwa sababu ujira utakaolipwa baadaye ni deni, na Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kufundisha uandishi wa madeni. Imetutaka tusichoke kuandika, likiwa deni ni dogo au kubwa. Na imemtaka mdaiwa ndiye atamke yaliyo juu yake. Wanavyuoni wengi wamesema kuandika huko ni sunna, si faradhi. Lakini ni sunna iliyopuuzwa. Na wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata katika mahkama za serikali, mapatano ya mdomo huweza kusikilizwa. Taabu ni kuyathibitisha.

Wala haihitajiwi karatasi ya wakili kwa kila kazi ndogo. Yatosha kuandika hivi: "Mimi fulani nimekubali kumshonea Bibi fulani kanzu 6, kila moja kwa shilingi kadha. Kitambaa ni chake, uzi ni wangu. Nitazimaliza tarehe fulani. Nusu ya fedha amenipa leo, na nusu atanipa siku ya kuzichukua. Akitaka mshono mwengine baada ya kukata, tutapatana upya." Kila mmoja aweke nakala yake. Hata ujumbe wa simu wafaa, maadamu wa pili amejibu kuwa amekubali.

Na aliyekwisha anza kazi bila ya mapatano, asingoje mwisho. Na aende leo kwa adabu, aseme: "Bwana, nimependa tuelewane kabla sijaendelea." Kama bwana huyo ni mwema, atashukuru. Kama atakasirika, ni heri kulijua hilo kazi ikiwa nusu kuliko ikiwa imekwisha.

Nanyi mnaowapa vijana kazi, msingoje wao waanze kusema. Nyinyi ndio wakubwa, nanyi ndio wenye fedha; tajeni. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wa watu watatu Siku ya Kiama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake. Ni nani awezaye kusimama katika daawa hiyo?

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atuepushe na kula jasho la wenzetu. Amin.