Mabaunsa Wakala Kona, Muuza Karanga Akabaki

Wengi mmeuliza nimepotelea wapi. Nipo, jamani, ila nimesota kichizi!

Kwanza, wajanja wamenichomolea mshiko wote kwenye daladala la Mbagala, kodi ya geto ikiwa humo humo. Pili, kibarua nilichoahidiwa mjini kimeota mbawa. "Njoo kesho, njoo kesho," mpaka soli ya kiatu imeisha.

Badala ya kushinda kijiweni nahesabu magari, nikajitolea kuhamasisha watu wachangie damu pale Mnazi Mmoja. Lo! Mabaunsa wenye vifua kama milango, wakiona sindano tu, wanakula kona. Dada mmoja muuza karanga akatua sinia lake, akapimwa, akatoa damu, akapumzika na soda yake.

"Nilipojifungua niliongezwa damu ya mtu nisiyemjua," akasema. "Mwanangu yuko darasa la pili sasa."

Wote kimya.

Damu haina kiwanda, mshikaji. Na ikishatolewa haikai friji mwaka mzima, ni wiki chache tu, ndiyo maana inatakiwa kila siku. Ukiwa na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50 na afya njema, unafaa. Mwanaume anarudia baada ya miezi 3, mwanamke 4.

Mimi chupa yangu nimeshatoa. Sasa nakuja kijiweni kwenu, na nitaanza na wenye vifua. Msinikimbie!

Tukutane wiki ijayo.