Akiba Haiozi, Ila Seva Hufungwa

Kwenye kipindi cha wiki hii tuligusia michezo ya mezani dakika kama nne hivi, halafu tukarukia mambo mengine. Mimi hoja yangu ilibaki mdomoni, basi naimalizia hapa. Ni hii: kabla hujapeleka hadithi za kikundi chako kwenye programu yoyote, angalia mlango wa kutokea. Wa kuingilia watakuonyesha wao wenyewe, tena kwa matangazo.

Kwa wasiojua: kikundi chetu tuko sita, tunakutana Ixelles, karibu na Matonge. Wazazi wetu wametoka Bukavu, Bujumbura na Mombasa. Mmoja anasimamia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndizo zinaamua. Ramani, wahusika na kumbukumbu za kila kikao zinakaa kwenye programu, maana mwenzetu mmoja alihamia Liège na anacheza kwa skrini. Na tunacheza kwa Kiswahili, hiki chetu cha Brussels chenye Kifaransa ndani. Mganga wa kijiji kwenye hadithi yetu anaongea kwa misemo ya bibi wa mmoja wetu, aliyotutumia kwa sauti za WhatsApp. Bibi huyo ametangulia mbele ya haki.

Sasa niambie, huo nao ni mchezo tu? Hadithi za Kiingereza za aina hii zimejaa madukani. Yetu ikipotea, hakuna pa kwenda kuinunua.

Programu tuliyoanza nayo, sitaitaja jina, ina kitufe cha kuhamisha data. Tulikibonyeza, likatoka faili la maandishi: bila ramani, bila sauti hata moja. Ikabidi sauti zipakuliwe moja moja, jioni tatu nzima.

Na hatuko peke yetu. Aprili 2, 2019, Google iliufunga mtandao wake wa Google+ kwa watumiaji wa kawaida. Kule kulikuwa na wapenzi wengi wa michezo hii, na miaka ya ramani, sheria na mijadala. Nafasi ya kupakua vitu vyako ilikuwepo, lakini aliyekuwa hajapita siku nyingi alirudi akakuta pamefungwa. Agosti 2024, D&D Beyond ilitangaza kwamba uchawi na vifaa vya sheria mpya za Dungeons & Dragons vitachukua nafasi ya vile vya 2014 kwenye karatasi za wahusika. Wachezaji wakapiga kelele, na ndani ya siku chache uamuzi ukabadilishwa. Safi, lakini mhusika aliyeko kwenye seva ya mtu anategemea mwenye seva ameamkaje.

Programu zenyewe hazifanani. Foundry unainunua mara moja, unaiweka kwenye kompyuta yako au seva uliyoikodi, na dunia yako yote ni folda unayoweza kuinakili. Mhusika mmoja unaweza kumtoa kama faili la JSON ukamwingiza kwingine. Roll20 inaendeshwa kwenye seva zao. Zana yake ya Transmogrifier inahamisha vitu kutoka mchezo wako mmoja kwenda mwingine, lakini humohumo ndani ya Roll20. Roll20 ni rahisi kuanza nayo, sikatai. Ila kuhama chumba si kuhama nyumba.

Cha kuchekesha ni kwamba sheria ya jambo hili imepitia mjini kwetu hapa. Kutoka Matonge hadi Bunge la Ulaya unakwenda kwa miguu. GDPR, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inakupa haki ya kuhama na data zako binafsi, lakini zimwi ulilolibuni si data binafsi. Hapo linaingia agizo la Umoja wa Ulaya namba 2019/770, kifungu cha 16: ukivunja mkataba, una haki ya kudai ulichokitengeneza mwenyewe, bila malipo, kwa muundo unaosomeka na kompyuta. Tundu lipo: kitu kisicho na faida nje ya programu hiyo hawalazimiki kukupa. Sauti ya bibi ina faida popote. Kwa hiyo dai.

Mwenzetu mmoja hakubali. Anasema babu zetu walisimulia kwa mdomo, hadithi ikipita imepita, haya mambo ya nakala ni wasiwasi wa Kizungu. Nimemsikiliza, lakini naona anasahau kitu. Bibi hakuwa na diski, ila alikuwa na wajukuu kumi na wawili waliosikia hadithi ileile usiku baada ya usiku, na akikosea wanamrekebisha. Hizo zilikuwa nakala kumi na mbili, zinazojaribiwa kila jioni. Sisi tuko sita na seva moja.

Tunachofanya sasa ni hiki. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu, kwa zamu, anatoa kila kitu: nakala moja kwenye laptopu yake, moja kwenye diski inayokaa nyumba nyingine. JSON peke yake haitoshi, maana inahitaji programu ya kuielewa. Kwa hiyo maandishi, picha na sauti tunaziweka pia kama mafaili ya kawaida. Vitabu tulivyonunua hatuvichanganyi humo, vina wenyewe. Halafu nakala inaingizwa kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama unayo.

Yote hayo ni kama nusu saa. Wanaotaka kuanza mchezo wao kwa Kiswahili, na mmeniandikia kadhaa, anzeni. Ila kikao cha kwanza kabisa, kabla ya kurusha dadu, tengenezeni mhusika mmoja wa majaribio, mtoeni nje, mumwingize kwingine. Akifika mzima, endeleeni.